Kumbukumbu za Kikao, Kifungu cha Saba

Mimi ndiye ninayeandika Vicheko ndani ya mabano.
Waheshimiwa wakigonga meza naandika Makofi,
maana meza haina neno lake katika mwongozo wetu.
Saa nne kasorobo kikao kilifunguliwa kwa dua,
feni moja ikizunguka, ya pili ikingoja fungu la ukarabati
tangu bajeti ya mwaka juzi.

Ramani ilitandazwa, pembe zikakandamizwa
kwa chupa tatu za maji na simu ya Mheshimiwa Shekuwe.
Mpima ardhi, kijana wa kuja, akatia kidole:
mpaka mpya wa wadi utaanzia gatini,
utapita nyuma ya kiwanda cha barafu,
kisha ufuate mfereji wa Kinooni hadi makaburini.
Alisema "ufuate mfereji" kama mtu asemaye "ufuate mto."
Hajauona mwezi wa Mei.

Shekuwe alizitaka nyumba mia mbili na kumi za Kinooni,
kwani pesa za kuboresha mitaa hugawanywa kwa vichwa.
Mheshimiwa Bwanamkuu akasema vichwa hivyo ni vyake,
kahudhuria maziko yao yote na harusi zao,
na pilau anaikumbuka.
Walipofika kwenye mfereji wenyewe,
ule unaorudisha maji ya choo mpaka sebuleni,
kila mmoja akawa karimu.
"Uko kwako, mheshimiwa."
"Hasha, ndugu yangu, uko kwako."
Sijapata kuona watu wakipeana kitu kwa adabu namna ile.
(Vicheko)

Mfereji huo unakata ua wa mamangu.
Atalala wadi hii, atapika wadi ile.
Sikuliandika. Karani hana mama
kati ya saa nne na saa saba.

Wananchi walipewa dakika mbili mbili.
Famau Shee, mwenye punda wa kubeba mchanga,
alisimama na kipande cha mfuko wa saruji,
akaugeuza upande ulioandikwa, akasoma:

*Mwakata mui kwa rula, nyumba mwazitenganisha,*
*Punda wangu mwenye ila, kila siku humvusha,*
*Hajui mpaka wala, wadi iliyomchosha,*
*Taka zilizo kwatoni, ni za nani, mtwambiye?*

*Mwatuhesabu wakazi, pesa zipate kushuka,*
*Mfereji hauwezi, mvua ikifurika,*
*Nayo maji si wajuzi, wa mihuri na mipaka,*
*Taka zilizo kwatoni, ni za nani, mtwambiye?*

Kule nyuma mtu alisema "Ee!" akanyamazishwa.
Mwenyekiti akafungua kanuni, akalamba kidole, akafungua tena:
michango itolewe kwa maneno ya kawaida.
Akanitazama.
Nami niliandika:
*Mwananchi mmoja aliuliza kuhusu usafi wa wanyama.*

Mpaka ulipitishwa, kumi na mmoja kwa wanane.
Milioni kumi na nane zikaenda kwenye taa za barabarani
na lango la kuukaribisha mji,
lenye jina la mji, wageni wasije wakakosea.
Mfereji ulipelekwa kamati ndogo,
ambayo wajumbe wake watateuliwa.

Mama alikuwa ametandika ubao mpya juu ya mfereji,
mlango wa zamani wa kabati, kitasa kingali juu yake.
Nilivuka nao sahani za wali, wadi hata wadi,
nikijikwaa kwenye kitasa kila mara.
"Haya," akasema, "sasa mimi ni wa nani?"
Nikamwambia wali umepoa.

Usiku niliifungua rasimu.
Lile swali la wanyama nilifuta, nikalirudisha,
nikalifuta. Mwenyekiti atatia saini Jumatatu
na hasomi zaidi ya ukurasa wa kwanza.
Beti mbili zinaenea katika ukurasa wa sita,
nimezipima.
Kisha nikafika pale pa "uko kwako, mheshimiwa,"
nikafuta Vicheko.
Neno la kuweka badala yake sijalipata.
Mabano nimeyaacha wazi,
(                    )
kama ua wenye kuta mbili, na katikati yake maji.